Jinsi ya kubadilisha mpangilio wa pedali za gitaa katikati ya shoo bila kugusa waya

Wadau wa gitaa, hasa nyie mnaopiga Jumamosi usiku ukumbini alafu Jumapili asubuhi mko kanisani na gitaa lilelile, hii ni ya kwenu. Ni ndefu kidogo kwa sababu watu wengi jambo hili wanalipitia juu juu, utaambiwa tu pedali (vile viboksi vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa) zipangwe wawa kwanza, ifuate distoshoni (ya ukali), korasi (ya kunenepesha sauti), dilei (mwangwi unaorudiarudia), riverbu (mwangwi kama wa ukumbini) mwisho, basi, kama vile ni amri. Mpangilio huo ni mzuri na hata mi ndo naanzia hapo, ila kuna nyimbo zinataka kinyume chake kabisa, na shoo moja ya hapa Dar inaweza ikaanza na sebene, ikaingia zilipendwa, ikatoka na bongo fleva ya vijana, ikaja kumalizia na wimbo wa taratibu maharusi wanakata keki. Ubao mmoja wa pedali wenye mpangilio mmoja hapo unakuangusha.

Mi yalinikuta kwanza ndo nikajifunza. Ilikuwa harusi maeneo ya Sinza, kati ya wimbo na wimbo nikainama nichomoe waya mfupi wa dilei niuhamishie mbele ya distoshoni, chaneli yangu kwenye mikisa iko wazi na volyumu iko juu, ukapiga mlio kwenye spika zote wakati MC anaongea na wazazi wa bibi harusi. Ukumbi mzima ukageuka. Mwimbaji akaanza wimbo mi bado niko chini natafuta tundu, nikaingia ubeti wa pili. Tangu siku ile nina sheria moja, jukwaani mkono haugusi waya, kila kinachobadilika kibadilike kwa mguu na kiwe kimeshaandaliwa nyumbani.

Kwanza ujue ni wapi mpangilio una maana

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, maana ukipaelewa utagundua vitu vya kuhamisha ni vichache mno. Karibu mambo yote yanazunguka distoshoni, yani ovadraivu, fazi na ndugu zao, pamoja na kompresa. Hizi pedali zinakata au zinabana mawimbi ya sauti, kwa hiyo kitu kikiingia ndani yake hakitoki kama kilivyoingia. Chochote ukikiweka kabla yake kinapikwa humo ndani, ukikiweka baada kinabaki kisafi juu ya sauti iliyokwisha kupikwa.

Chukua dilei. Ikikaa baada ya distoshoni, kila mwangwi unarudi na ukali uleule ila kwa sauti ya chini zaidi, unasikia kila noti imejitenga, solo inakaa vizuri. Ikikaa kabla, mwangwi na noti mpya vinaingia pamoja kwenye distoshoni vikagongana, mwangwi unaanza mkali unaisha laini jinsi unavyofifia, na ukipiga kodi nzima inakuwa wingu zito lisilo na kingo. Wingu hilo kwenye sebene ni balaa. Ila kwenye ibada, pale watu wameinua mikono na kinanda kimeshika kodi moja, hakuna kitu kizuri kama hicho. Riverbu nayo ni vivyohivyo, kabla ya ovadraivu yenye geini (kiasi cha ukali) ndogo inakuwa kama gitaa linapumua.

Busta nayo, ile pedali ya kuongeza nguvu ya sauti. Ukiiweka kabla ya distoshoni haikuongezei sauti sana, inakuongezea ukali na noti kudumu. Ukiiweka baada, ukali unabaki palepale ila unapanda juu ya bendi. Wapiga solo wengi wanalalamika busta haifanyi kazi, wakikanyaga hawasikiki, shida ni kwamba imekaa mbele ya distoshoni ambayo imeshajaa. Pedali ya ekwalaiza ina tabia hiyohiyo, kabla inaamua kipi kikatwe, baada inaamua kipi kisikike.

Pedali ya volyumu mbele ya distoshoni inafanya kazi kama kitufe cha volyumu cha gitaa lenyewe, ukiishusha sauti inasafika. Ikiwa baada ya distoshoni na kabla ya dilei, unashusha sauti lakini mwangwi uliokwisha kutoka unaendelea kuelea wenyewe, hapo ndo wanapopatia zile noti zinazoibuka polepole kama fidla. Ikiwa mwisho kabisa inakata kila kitu pamoja na mwangwi. Kwa hiyo hii ni sehemu tatu na kazi tatu.

Feiza, pedali inayofanya sauti iwe kama inazunguka, ina watu wa pande zote mbili. Mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen aliiweka feiza yake ya MXR Phase 90 mbele ya ampu iliyokuwa imeshachemka kwa ukali, ndo mana mzunguko wake unasikika umejichanganya ndani ya ukali. Ukiiweka baada ya distoshoni inakuwa kubwa, inafunika kila kitu. Korasi kwa mtu wa sebene haina mjadala, sauti safi, kompresa mbele, korasi nyuma, kazi imeisha.

Na sasa kitu ambacho wengi hawakiamini mpaka wajaribu: dilei na riverbu za kawaida, zote mono (sauti ya njia moja, siyo kushoto na kulia), zisizo na mtikisiko ndani na zisizoongeza ukali wowote, ukizibadilishana nafasi tofauti yake ni ndogo mno. Kimahesabu zinatoa jibu moja, sawa na kuzidisha mbili kwa tatu au tatu kwa mbili. Usipoteze pesa wala mguu kuhamisha hizo mbili.

Tahadhari moja kuhusu fazi za zamani za aina ya Fuzz Face, ile iliyotoka London mwaka 1966. Hizi zinataka zikutane na gitaa moja kwa moja. Ukiweka mbele yake pedali yenye bufa (sakiti ndogo inayoimarisha mawimbi ya gitaa), mfano Boss DS-1 ambayo hata ikiwa imezimwa bado sauti inapita kwenye bufa yake, fazi inakuwa kali ya kukwaruza na ukishusha volyumu ya gitaa haisafiki tena. Kwa hiyo fazi hiyo usiiingize kwenye mambo ya kuhamahama, iache namba moja.

Nyumbani, kalamu na karatasi

Kaa chini na orodha ya nyimbo za shoo. Pembeni ya kila wimbo andika mpangilio wa kawaida au wa kinyume, na kama ni wa kinyume andika ni pedali gani na gani zinabadilishana. Nyimbo ishirini zinaweza kukupa mabadiliko matano kwenye karatasi, sasa rudia ukiwa na spika, pita wimbo mmojammoja na ujiulize mtu aliyekaa meza ya mwisho ataisikia hii tofauti ikiwa ngoma na bezi vinapiga? Mi nilianza na matano nikabaki na mawili, dilei kabla au baada ya ovadraivu, na busta kabla au baada ya distoshoni. Ukibaki na zaidi ya matatu nakuomba urudie zoezi, maana jukwaani una miguu miwili tu na mmoja umesimamia.

Chagua njia

Njia rahisi kuliko zote ni kuwa na pedali mbili za aina moja. Ovadraivu moja kabla ya dilei, nyingine baada. Ukitaka kawaida unawasha ya kwanza, ukitaka wingu unazima hiyo unawasha ya pili. Hakuna ufundi, hakuna cha kuharibika, na ya pili siyo lazima iwe ya bei, mtumba mzima unatosha kabisa. Ubaya wake ni nafasi kwenye ubao, na ni kukanyaga mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo ziweke jirani kiasi kwamba kiatu kimoja kinazigusa zote. Kwa mtu mwenye badiliko moja tu mi naishauri hii kabla ya nyingine zote.

Njia ya pili ndo naipenda, kiboksi cha kugeuza mpangilio. Kina matundu sita ya jeki na swichi moja ya mguu. Tundu la kuingia, tundu la kutoka, kwenda na kurudi kwa kundi A, kwenda na kurudi kwa kundi B. Swichi ikiwa upande mmoja gitaa linapita A kisha B, ukikanyaga linapita B kisha A. Kundi linaweza kuwa pedali moja au tatu, haijalishi. Vipo vya kununua, ila hiki hata fundi wa redio anayejua kushika chuma cha kulehemu anakutengenezea, mwambie hivi:

Swichi ni ile ya mguu yenye miguu tisa, safu tatu za miguu mitatumitatu, zinaandikwa 3PDT. Kila safu ina mguu wa kati na miguu miwili ya pembeni. Mguu wa kati wa safu ya kwanza unapokea waya wa tundu la kuingia, pembeni yake moja inakwenda "A kwenda", nyingine "B kwenda". Mguu wa kati wa safu ya pili unapokea "A kurudi", pembeni moja inakwenda "B kwenda" na nyingine inakwenda tundu la kutoka. Mguu wa kati wa safu ya tatu unapokea "B kurudi", pembeni moja inakwenda tundu la kutoka, nyingine inakwenda "A kwenda". Zile pembeni nilizozitaja kwanza zote ziwe upande mmoja wa swichi, zilizotajwa pili zote upande wa pili, akichanganya hapo sauti haitatoka au itazunguka yenyewe. Alafu erthi za jeki zote sita ziunganishwe pamoja, na boksi liwe la chuma, aluminiamu ni nzuri, maana la plastiki litakuvutia kelele.

Kabla ya kufunga skrubu pima na mita ya umeme, upande wa kwanza wa swichi kuingia kunaongea na "A kwenda" na siyo kingine, bonyeza, sasa kunaongea na "B kwenda". Pima hivyohivyo safu zote. Ukisikia kiboksi kinapiga mlio kila ukikanyaga, ni umeme mdogo unaovuja kwenye pedali, mwambie fundi aweke rizista ya megaohm 1 hadi 2.2 kutoka kila waya wa kwenda na wa kurudi mpaka erthi. Kiboksi hiki hakihitaji umeme wala betri. Ila hakina taa pia, kwa sababu safu zote tatu zimeshatumika, ukitaka taa omba swichi ya safu nne, hapo ndo utahitaji umeme. Mi nilivyokosa taa nilikata tepu nyeupe nikaandika A na B, lakini gizani huoni kitu, taa ni muhimu kuliko nilivyodhani.

Njia ya tatu ni swicha ya luupu inayojipanga yenyewe, kwa mwenye mfuko. Luupu ni njia ya kwenda na kurudi ya pedali. Boss ES-8 ina luupu nane na ES-5 ina tano, kila pedali inaingia kwenye luupu yake na ndani ya mashine unaamua ipi itangulie, unahifadhi kama kumbukumbu, kanyago moja inawasha, inazima na inapanga upya vyote kwa pamoja. Morningstar ML10X nayo inapanga luupu kumi utakavyo lakini haina swichi za mguu, inaamrishwa na kifaa kingine kwa MIDI, yani lugha ya amri kati ya vifaa vya muziki. Uwe makini ukinunua, siyo kila swicha ya luupu inabadilisha mpangilio, nyingi zinawasha na kuzima tu na mpangilio unabaki ule wa matundu. Muulize muuzaji swali hilo hilo moja kwa moja, na ikiwezekana ijaribu hapohapo na pedali mbili.

Na njia ya nne ni ya hizi efekti za pamoja, mashine moja yenye pedali nyingi ndani, ambazo wengi wetu ndo tunazo. Zoom G1X Four inakupa efekti tano kwa wakati mmoja na unaweza kuzihamisha kwa mkono kwenye skrini, kwa hiyo tengeneza patchi (sauti zilizohifadhiwa kwenye mashine) mbili zenye efekti zilezile kwa mpangilio tofauti, zikae namba zinazofuatana. Shida ya mashine nyingi za hivi ni kwamba ukibadilisha patchi sauti inakatika kidogo na mwangwi unakufa. Kwenye Line 6 HX Stomp au HX Effects kuna snepushoti, yani kumbukumbu ndogo ndani ya patchi moja, hazikati sauti, lakini zenyewe hazihamishi nafasi ya bloku (efekti moja), zinawasha, zinazima na kubadilisha vipimo. Ujanja ni ule wa njia ya kwanza, ndani ya patchi moja weka ovadraivu mbili zenye vipimo sawa, moja kabla ya dilei moja baada, snepushoti ya kwanza inawasha hii, ya pili inawasha ile. Mwangwi unaendelea, msikilizaji anadhani umehamisha pedali.

Sawazisha sauti kabla ya kujivunia

Ukigeuza mpangilio sauti nayo inabadilika kwa nguvu, saa nyingine inaruka juu kiasi cha kumfanya fundi mitambo akushushe kabisa na asikurudishe. Dilei ikiingia kwenye distoshoni mwangwi unaonekana mkubwa zaidi kwa sababu distoshoni inanyanyua vitu vidogo. Kwa hiyo punguza kiwango cha mwangwi na punguza geini mpaka noti mpya isikike juu ya zile za zamani. Tatizo ni kwamba dilei hiyohiyo ikirudi nyuma itakuwa haisikiki, basi tafuta kipimo cha katikati, au tumia dilei yenye kumbukumbu. Fanya zoezi hili kwa sauti kubwa ya mazoezi ya bendi, siyo chumbani saa tano usiku, maana sikio linadanganya sauti ikiwa ndogo.

Alafu mikia. Ukigeuza wakati mwangwi bado unalia, mkia msafi unatumbukia ghafla kwenye distoshoni na unapasuka. Hesabu yake ni rahisi, wimbo wa bpm 120 (mipigo 120 kwa dakika) mpigo mmoja ni milisekunde 500, dilei ikiwekwa hapo na marudio manne ni sekunde mbili za mkia. Kwa hiyo acha kupiga, hesabu sekunde mbili, ndo ukanyage. Au geuza palepale unapopiga kodi nzito mpya, kodi inafunika mpasuko. Mi natumia mwisho wa kiitikio waimbaji wakiwa wamejaa, hakuna anayesikia.

Umeme

Pedali nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati, ila siyo zote, soma kila moja kabla ya kuchomeka. Adapta moja yenye mkia wa vichwa vingi inaleta mluzi hasa ukichanganya za dijitali na distoshoni, na ukigeuza mpangilio mluzi uliokuwa umejificha nyuma unaingia mbele ya distoshoni unakuwa mkubwa mara kadhaa. Usiku mmoja utalaumu kiboksi bure. Tafuta pawa saplai yenye matundu yaliyotenganishwa, jumlisha miliampia za kila pedali na uache ziada. Umeme ukikatika wakaingia kwenye jenereta, mashine ya dijitali inazima na kuwaka upya, kwa hiyo ujue inawaka ikiwa kwenye patchi gani. Ya kwangu niliipanga iwake kwenye patchi safi, kiboksi cha mguu chenyewe kinabaki pale kilipokuwa.

Na sisi wa pwani tuna jambo letu, hewa ya chumvi na joto la jasho. Jeki na matundu vinashika kutu mapema, na kiboksi kina matundu sita zaidi ya kukusumbua. Safisha vichwa vya nyaya kwa kitambaa kikavu kila wiki, na dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme unapuliza kidogo kwenye tundu kila baada ya miezi michache.

Fundisha mguu

Panga ubao ili swichi ya kugeuza ikae mstari wa mbele pembeni kabisa, upande wa mguu usiousimamia, isizungukwe. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, umevaa viatu vya shoo, gitaa limening'inia urefu uleule. Piga wimbo mzima mara kumi bila kuangalia chini. Kisha kwenye mazoezi ya bendi mwambie mpiga ngoma na mwenye rhythm ni wapi utageuza, maana saa nyingine wewe ukienda kwenye wingu wao wanatakiwa kupunguza ili uwe na nafasi.

Siku yenyewe

Wakati wa saundi cheki mpe fundi mitambo mipangilio yote miwili, kimoja baada ya kingine, kwa sauti utakayotumia kweli. Watu wanampa sauti safi peke yake alafu wanamshangaza katikati ya shoo. Kumbi nyingi hapa mjini hawana ampu ya gitaa, unaingia mikisa moja kwa moja kupitia DI, kiboksi cha kuunganisha gitaa na mikisa, na distoshoni bila kitu cha kuiga spika inalia kama nyuki kwenye debe. Hicho cha kuiga spika kinakaa mwisho kabisa na hakiguswi na mgeuzo wowote, kiwe nje ya kundi A na kundi B.

Hakikisha pia swichi iko upande wa kuanzia kabla hujapanda, kwa sababu wakati wa kubeba ubao huwa inabonyezwa na begi. Piga noti moja yenye mwangwi na distoshoni kwa sauti ndogo, ungojee mkia, utajua uko A au B hata kama taa huioni.

Mwisho, beba waya mmoja mrefu wa akiba na uuweke juu ya begi, siyo chini. Kiboksi kikigoma katikati ya wimbo usianze kutafuta kosa ni wapi, shusha volyumu ya gitaa, mpe ishara fundi mitambo afunge chaneli, chomoa waya unaoingia kwenye ubao na ule unaokwenda DI, chomeka ule wa akiba kutoka gitaa mpaka DI, mwonyeshe dole gumba, endelea kupiga safi mpaka mapumziko ndo ufungue boksi.